Nina miaka 57, nistaafu kwa hiari au nisubiri 60? Naombeni ushauri

ChungwaTamu:
Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Tanga, huku kwenye machungwa. Niliajiriwa Julai 1994. Nina miaka 57 na nafikiria kuomba kustaafu kwa hiari badala ya kusubiri 60 ya lazima. Magoti yamechoka, darasa la pili nina watoto 112, na madawati ni yale ya kuinama mpaka kiuno kinalia.

Kikokotoo, yaani hesabu ya mafao, nimepiga mwenyewe. Miezi ya utumishi 372, wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ni 1,150,000 kwa mwezi. Mkupuo, ile hela ya mara moja, unakuja kama milioni 44, pensheni kama 442,000 kila mwezi. Swali langu ni moja tu: mtu wa kawaida anaweza kuzeeka kwa hela hiyo?

Matusi hapana, mimi ni mtu mzima.

KipangaBoy:
Milioni 44? Mzee tuma namba, nina boda mbili zinauzwa 😂

DkKikokotoo:
Mwalimu hesabu zako ziko sawa. Mshahara wa mwaka mara miezi gawanya kwa 580, zidisha 12.5, chukua asilimia 40. Sasa pata uchungu: ungetoka kabla ya Julai 2022 kwa utaratibu wa zamani wa PSPF, mfuko wetu wa watumishi wa umma, yaani 1/540, mara 15.5, nusu nzima mkononi, ungeondoka na zaidi ya milioni 70. Miaka ile ile, chaki zile zile.

Desemba 2018 walitaka kutuletea hesabu ya mkupuo wa asilimia 25, Magufuli akaisimamisha, akasema za zamani ziendelee mpaka 2023. Hata 2023 haikufika. Julai 2022 ikarudi na sura ya asilimia 33 kwa wote. Watu wakapiga kelele miaka miwili, bajeti ya 2024 ndiyo ikatuongezea mpaka 40 sisi tuliokuwa wa 50. Tukapiga makofi. Umenyang'anywa kuku, umerudishiwa paja, unashukuru. Na mbunge je? Miaka mitano tu, kiinua mgongo chake huyo.

MamaLishe_Buguruni:
Dokta, mwalimu kauliza ataishije, hajauliza nani kala kuku.

Mimi nauza wali maharage mwaka wa 19 huu. Mkupuo sina, 442,000 ya kila mwezi sina, mwajiri ni mimi na sufuria namba kumi. NSSF walipita hapa kijiweni kutuelezea kwamba na sisi tuliojiajiri tunaweza kuchangia, nikajiandikisha, nikachanga miezi minne, mvua ikanyesha wateja wakapotea, hela ikaishia kwenye mkaa. Nitastaafu siku sufuria litakaponishinda kuliteleka jikoni. Kwa hiyo mwalimu ukiuliza kama laki nne inatosha, mimi nakuangalia tu.

MpembaAsolala:
Kwetu visiwani mzee akishafika 70 hupewa pensheni jamii, hata kama umri wake wote kavua ngisi. Ilianza 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi. Marehemu baba alikuwa akiipokea. Hazikuwa pesa za kuishi, sukari na betri za redio basi. Lakini siku ya malipo alikuwa akinyoa ndevu tangu alfajiri na kanzu ikapigwa pasi. Mama akimcheka, anamwambia wacha we, leo naenda kazini.

MtumishiWaBwana77:
Kizazi hiki kinapenda vya haraka. Wazee wetu walikuwa hawajui pensheni, watoto ndio walikuwa pensheni. Mwalimu, watoto wako wako wapi?

MzeeWaFaili:
Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Nimekaa masjala ya halmashauri miaka 28, nimestaafu 2014. Nilichukua nusu yangu nzima ile anayoililia Dokta hapo juu, nikaanza lodge ya vyumba nane. Leo ina vyumba vitatu vyenye bati na mbuzi watano ndani. Kwa hiyo usidhani milioni 70 ingekuokoa. Kinachoniweka mjini ni pensheni ya kila mwezi na kadi ya bima ya afya, mimi na mama watoto tunatibiwa. Sukari yangu na presha yake, bila ile kadi tungeshauza na mbuzi.

Sasa nikuulize. Mafaili ya hiari yamepita mengi mikononi mwangu. Magoti hayamtoi mtu kazini miaka mitatu kabla, magoti ya 57 na ya 60 ni yale yale. Slipu yako inakubakizia shilingi ngapi?

ChungwaTamu:
Mzee wangu shikamoo, ahsante. Ila sioni slipu inaingiaje hapa. Nimeuliza habari za baada ya kustaafu, si za kabla.

KipangaBoy:
Mzee kaguswa kidonda 👀

DkKikokotoo:
Slipu inaingia mwalimu. Benki inakudai?

ChungwaTamu:
Sawa. Benki inakata 490,000, imebaki miezi 34. Ni mkopo wa kumalizia nyumba, kila mtumishi anao, sijaona ajabu yake. Baada ya kodi, mfuko, bima na chama, kinachoingia kwenye akaunti ni kama 389,000. Bado naishi.

MzeeWaFaili:
389,000 nimeielewa, ndiyo theluthi yako ambayo benki haigusi. Mtu mwenye 389,000 huvumilia miezi 34 mkopo uishe, halafu anatoka 60 na mkupuo wake mzima. Hakimbii. Hesabu yako ina mtu wa tatu ndani. Ni nani?

ChungwaTamu:
Mzee wangu una jicho la masjala kweli.

Mwaka jana mwezi wa tano nilichukua milioni 2 kwa mtu. Kausha damu, mnaowaita. Ilikuwa ada ya mwanangu, chuo kilisema asiyelipa hafanyi mtihani, benki nimeshafika ukingoni, nikaenda. Kadi yangu ya benki anayo yeye, na namba ya siri anayo. Mshahara ukiingia anautoa yeye, anakata 260,000, ananikabidhi 129,000 mkononi pale kwenye kibanda chake cha miamala, ananihesabia mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Hiyo 260,000 ni riba peke yake. Milioni 2 iko vile vile.

Sasa nihukumuni kwa hesabu. Leo nikifundisha watoto 112 napata 129,000. Nikikaa nyumbani napata 442,000 isiyokatwa kodi wala nini. Nani hapo hana akili?

KipangaBoy:
Duh. Hapo hata mimi ningestaafu na nina miaka 26.

MtumishiWaBwana77:
Kukopa harusi kulipa matanga. Mwalimu mzima, unayefundisha watoto kutoa na kujumlisha, unampa mtu namba ya siri? Tuwe na kiasi katika maisha jamani. Mimi sijawahi kukopa hata vocha.

MamaLishe_Buguruni:
Hujawahi kukopa vocha kwa sababu hujawahi kusomesha. Hawa watu mimi nawajua. Shoga yangu alikopa laki tatu ya kodi ya fremu, wakaja kubeba friji, godoro na pasi. Pasi! Hata mbuzi wa jirani wakamtazama kwa tamaa. Pole mwalimu.

DkKikokotoo:
260,000 mara miezi 14 ni 3,640,000. Umeshamlipa karibu mara mbili ya alichokupa na bado anakudai chote. Huyo si mkopeshaji, ni mwajiri wako wa pili.

MzeeWaFaili:
Sasa tuzungumze. Chukua kalamu.

Ukitoka leo, milioni 44 haifiki kwako ikiwa 44. Benki itataka salio lake, weka 14. Bwana kadi 2. Imebaki 28.

Ukikaa mpaka 60, miezi inakuwa 408. Mkupuo kama 48.5, pensheni kama 485,000. Na benki itakuwa imejimaliza yenyewe kwenye mshahara miezi miwili kabla. Kwa hiyo ni 28 dhidi ya 48. Milioni 20 mwalimu, pamoja na 43,000 ya kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Unaviuza vyote hivyo kwa deni la milioni 2.

Kadi ni mali ya benki, na namba ya siri ni yako peke yako. Nenda tawini, ifunge, upewe mpya. Halafu usimkimbie huyo bwana, mwite kwa mtendaji wa kata mbele ya mashahidi, mwambie akuoneshe leseni ya Benki Kuu, maana tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 mtu hakopeshi tu kwa kibanda. Ukikuta hana, utashangaa anavyojua kupunguza.

ChungwaTamu:
Nashukuru, ila maneno ni rahisi mzee wangu. Yule bwana ni mtu wa hapa hapa, tunaswali safu moja. Nikifunga kadi, Ijumaa nitasimama wapi?

Halafu barua nimeshaiandika. Na shemeji yangu ana Noah, tumeshaelewana milioni 17, itapiga abiria Muheza na Tanga mjini, msimu wa machungwa inabeba machungwa. Kwa siku haikosi elfu 40. Si kwamba nakurupuka, nimelifikiria.

KipangaBoy:
Noah ya shemeji! 😂😂 Mzee nisikilize mimi niko barabarani kila siku. Noah ikiwa inaingiza elfu 40 kwa siku shemeji hauzi. Shemeji anauza inayokunywa oili. Utaamka unaijua kila gereji ya Tanga kwa jina la fundi na jina la mtoto wake.

MpembaAsolala:
28 toa 17, imebaki 11 na gari ya shemeji. Na dada yako au mke wako kati yenu mkigombana. Hii kesi sasa.

FBI_Mbagala:
Samahanini naharibu msiba.

Nimepitia nyuzi za zamani za ID hii. Mwaka juzi aliuliza chuo gani cha uuguzi Tanga kina hosteli. Mwaka jana aliuliza mafuta ya nywele zinazokatika. Mwezi wa pili alikuwa anatafuta kiatu cheupe cha wodini namba 38. Leo ana miaka 57, anafundisha darasa la pili na anaswali safu ya mbele?

Wakuu hii ni chai. Na haina hata sukari.

KipangaBoy:
Kiatu namba 38 🤣🤣 mzee ana mguu mzuri

MtumishiWaBwana77:
Nilijua tangu mwanzo. Watu wanatunga habari wapate wachangiaji, kesho utaona namba ya kuchangia hapa.

DkKikokotoo:
Namba ya kuchangia hajatoa, na hesabu ya slipu nimeirudia kwa kodi, asilimia 5 ya mfuko, 3 ya bima na 2 ya chama. Inagonga pale pale. Mtunzi wa chai hatungi makato ya chama.

FBI_Mbagala:
Anaweza kuwa mhasibu. Mwandishi ajitokeze ajibu.

MamaLishe_Buguruni:
Kimya. Saa nne sasa. Ndiyo basi tena, na mimi nilishaanza kumhurumia.

ChungwaTamu:
Nilikuwa msikitini. Simu ni ya binti yangu, yuko nyumbani likizo. Yangu ni ya tochi. Yeye ndiye aliyekuwa na akaunti humu, mimi nilikuwa nasoma tu. Sitajieleza zaidi, anayetaka aamini.

FBI_Mbagala:
Simu ya binti. Sawa. Na chai imepata vitafunio.

MzeeWaFaili:
Mwalimu, mimi sihitaji kujua kiatu cha nani. Barua umeipeleka au umeiandika tu?

(Hakuna aliyejibu mpaka asubuhi ya siku iliyofuata.)

ChungwaTamu:
Habari zenu. Leo ni mimi, mwenye ID na mwenye kiatu namba 38.

Baba alikuwa ananiomba simu jioni, anasema anaangalia Coastal Union wamesajili nani. Jana usiku nimekuta arifa 60 na kitu nikafungua. Nimesoma uzi wote mara mbili.

Ada ya mwaka wa pili aliniambia imetoka kwenye kikundi cha walimu. Nilimpigia kumshukuru, akasema usinishukuru mimi, washukuru walimu. Nikawaandikia na ujumbe wa shukrani kabisa, akasema ameufikisha.

Sijamwambia kama nimesoma.

MamaLishe_Buguruni:
Jamani.

KipangaBoy:
Modi naomba ufute komenti zangu zote kwenye huu uzi isipokuwa ile ya Noah. Ile ibaki, ni ya kweli.

MzeeWaFaili:
Mwanangu, barua iko wapi?

ChungwaTamu:
Kwa mwalimu mkuu tangu Ijumaa. Mwalimu mkuu alikuwa na semina, sidhani kama ameshaituma kwa mkurugenzi.

MzeeWaFaili:
Ikiwa haijapigwa muhuri wa kupokelewa halmashauri, bado ni karatasi yake. Anaweza kuifuata. Mfikishie hilo, na usimwambie umeyasoma wapi mengine.

FBI_Mbagala:
Dada, kama ni kweli, naomba radhi kwako na kwa mzee.

ChungwaTamu:
Haina shida.

Nilipoamka saa 12 kasoro alishavaa. Kaniachia simu mezani, imefunguliwa kwenye huu uzi pale pale kwenye maneno ya mzee wa masjala kuhusu 28 na 48. Kachukua kitambulisho, kitabu cha benki na baiskeli. Nilimwuliza anaenda wapi, akasema atarudi kabla ya adhuhuri. Shule ni kulia, benki ni kushoto, na hapa nyumbani kona huioni, miti ya jirani imeziba.