Wanaouza safari za "Oslo bei chee" mnawaibia watu mchana kweupe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje aniambie "kwani ulitegemea nini, Norway si ghali". Kwamba Norway ni ghali kila mtu anajua, hata asiyewahi kuvuka Mbagala. Ingekuwa ni bei tu nisingefungua uzi. Kinachoniuma ni kwamba bei unayoonyeshwa sio utakayolipa, na anayekuonyesha anajua kabisa.

Tuanze na ndege. Mimi nasoma Poland, Gdańsk, na kutoka hapa kuna ndege za bei ya kutupa kwenda "Oslo". Oslo imeandikwa kubwaaa, alafu pembeni kijineno kidogo, Torp. Sasa Torp iko Sandefjord ndugu zangu, kilomita kama 110 kusini mwa Oslo! Ni sawa na mtu akuuzie tiketi ya Dar alafu akushushe Chalinze akwambie tumefika. Kutoka hapo ni basi, karibu masaa mawili, na nauli ya hilo basi ilizidi nauli ya ndege niliyotoka nayo Poland. Bora hata Gardermoen, uwanja mkubwa wenyewe, treni ni dakika ishirini na kitu tu, ila nako angalieni, kuna treni ya kasi ya uwanja na kuna treni za kawaida ambazo nauli yake ni kama nusu na zinapishana dakika chache tu, mgeni anasukumwa kwenye ile ya ghali kwa sababu ndio matangazo yake yamejaa kila ukuta.

Hosteli sasa. Nimebuku kitanda kwenye chumba cha watu wengi, nimelipa mtandaoni, najua nimemaliza. Nafika usiku, baridi kali, dada wa mapokezi ananiuliza shuka unazo? Nikamwambia nina begi la kulalia. Haliruhusiwi. Shuka ni za kukodi kwao, taulo nayo kivyake. Nikapanda kuangalia kitanda, godoro tupu limevalishwa plastiki, basi. Nikashuka nikamwambia nionyeshe ni wapi mmeandika, akaufungua ukurasa wao akaushusha weee mpaka chini kabisa, mstari mmoja. Yani mtu umeshalipia kitanda unaambiwa ulipe tena ndio uweze kukilalia! Nimelipa kwa sababu saa tano usiku ningeenda wapi.

Na hiyo ilikuwa Jumamosi. Kesho yake natoka na njaa yangu kutafuta mkate, kila supamaketi imefungwa. Kumbe ni sheria, Jumapili maduka mengi hayafunguliwi, ya chakula yanayoruhusiwa ni yale madogo yasiyozidi mita za mraba 100, na hayo yanajua hauna pa kwenda. Maziwa niliyonunua pale, Jumatatu nimeyakuta supamaketi, pakiti ile ile, kwa karibu nusu ya bei. Krone moja ni kama shilingi 250 za kwetu, pigeni wenyewe hesabu ya mtu anayeishi kwa posho.

Hasira yangu kubwa ni kwa nyie mnaorekodi video za "Oslo kwa hela kidogo". Unalala kwa shemeji yako Holmlia, huko huko Oslo, unakula kwake, anakupeleka mjini na gari lake, alafu unamwambia mtoto wa watu inawezekana njoo tu. Hamsemi Torp iko wapi, hamsemi Jumapili, shuka hamsemi. Watu wanakopa hela kwa maneno yenu!

Aliyenisaidia ni mama mmoja Msomali pale Grønland, mtaa wa Oslo, kakulia Eastleigh ya Nairobi, Kiswahili kimenyooka. Nilikuwa naulizia bei ya nyanya akajua lafudhi, akaniita mwanangu akanieleza kila kitu amesimama hapo hapo mlangoni. Mboga na vyakula nunua Grønland, na ununue Jumamosi. Maji usinunue, ya bomba ni masafi kabisa, na chupa usitupe, ukirudisha kwenye mashine ya dukani unapata krone 2 au 3 kila moja. Tiketi ya masaa 24 ya Ruter, kampuni ya usafiri wa mji, inakupandisha tramu, basi, treni ya chini na hata boti za kwenda visiwani, Hovedøya na vile vingine, kumbe watalii wanalipishwa boti za matembezi kwa bei ya ajabu. Kupanda paa la jumba la opera ni bure, bustani ya masanamu ya Vigeland bure, maktaba kubwa ya Deichman pale pembeni ya opera bure, kuna joto, intaneti na choo, wakati cha stesheni kuu unalipia.

Hosteli nimewaandikia nataka hela yangu ya shuka. Wasipojibu wiki hii naweka hapa picha ya ule ukurasa wao, na mwenye tiketi ya "Oslo" mkononi aangalie sasa hivi jina la uwanja kabla hajalipia begi.