Nesi mpya wa thieta (chumba cha upasuaji), ofa tatu mkononi: binafsi Dar, hospitali ya misheni, au serikalini Kigoma?

Binti_Leseni (mwanzisha mada)
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimemaliza digrii ya uuguzi, utarajali (mazoezi ya kazi baada ya chuo) nimeufunga, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ninayo. Katika mzunguko wote wa utarajali thieta ndiyo iliyonishika. Wodini nilikuwa naangalia saa, thieta nilikuwa nasahau hata kula.

Ofa ziko hivi. Hospitali binafsi Dar, mkataba wa mwaka mmoja, laki tisa kabla ya makato, vyumba viwili vya upasuaji, laparoskopi (upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo) wanafanya. Hospitali ya rufaa ya misheni huku kaskazini, mkataba wa miaka miwili, laki saba na nusu, chumba kwenye nyumba za watumishi, na kuna madaktari wanaosomea ubingwa. Ya tatu, jina langu limetoka serikalini, nimepangiwa kituo cha afya mkoani Kigoma, ajira ya kudumu. Kina jengo la upasuaji.

Nyumbani wanasema serikalini na mjadala umefungwa, mama ameshatangaza kwa majirani. Nyie mlio kazini mnaonaje?

Mnyonge_wa_Bodi
Hongera mdogo wangu. Kabla hujapendezwa na laki tisa, tupige hesabu. Nadhani ulisoma kwa mkopo kama sisi wengine.

Laki tisa: NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 ni 90,000. Kodi inakatwa kwenye 810,000 inayobaki, inakuja 80,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 135,000. Unabaki na 594,500. Laki saba na nusu kwa hesabu hiyohiyo unabaki na 511,500. Kwenye karatasi tofauti ni laki na nusu, mfukoni ni elfu 83. Sasa tafuta chumba Dar karibu na hospitali, ulipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu uniambie hizo elfu 83 ziko wapi. Misheni wanakupa chumba.

Buhigwe_Kwetu
Watu mnapiga hesabu ya mwezi, mimi napiga ya miaka thelathini. Serikalini mwajiri anakuchangia PSSSF, pensheni ya watumishi wa umma, asilimia 15, wewe 5. Bima ipo. Ukimaliza mwaka wa matazamio na kuthibitishwa unaweza kuomba ruhusa ya masomo ukaenda kusoma huku mshahara unaingia. Mkataba wa mwaka mmoja Dar ukiisha, unaanza upya kuomba kazi pamoja na watoto waliomaliza chuo juzi.

Na Kigoma si mwisho wa dunia. Samaki wa migebuka wapo, maisha ya bei nafuu, kiwanja unanunua. Uhamisho wa kubadilishana upo: unatafuta mwenzako anayetaka kuja huku, mnaandika barua.

Mzee_wa_Gozi
Nimekaa thieta muda mrefu, misheni na serikalini, kwa hiyo nitaandika kidogo kirefu mnivumilie.

Binti, huulizi kazi ya unesi, unauliza kazi ya thieta. Hizo ni kazi mbili. Mkono wa thieta haupatikani kwa cheti, unapatikana kwa kesi nyingi mfululizo, na mtu mzima amesimama nyuma yako. Sasa pima ofa zako kwa kipimo hicho.

Kituo cha afya: vingi vilianza kujengewa majengo ya upasuaji kuanzia 2017, ili mama asife njiani akikimbizwa wilayani. Ni jambo jema kabisa. Lakini kazi yake kubwa ni upasuaji wa uzazi wa dharura. Siku ambayo hakuna kesi metroni hakuachi ukae thieta, unapelekwa wodi ya wazazi au kliniki ya watoto. Tumbo lililopasuka, mfupa, kichwa, vyote vinapewa rufaa. Na usiku wa saa nane unaweza kuwa wewe unayeandaa meza, wewe unayeskrabu, yaani kunawa na kumpa daktari vyombo, na hakuna anayezunguka kuwaletea vitu ila mhudumu uliyemwamsha. Kwenye upasuaji wa uzazi damu ni nyingi na haraka ni kubwa. Gozi zenyewe, vitambaa vya kufyonzea damu, mmezikata na kuzikunja nyinyi kutoka kwenye robota, hazina ule uzi unaoonekana kwenye eksirei. Ikikosekana moja wakati wa kufunga, hakuna picha itakayokuokoa. Kuna hesabu yako tu, na kama umehesabu peke yako, neno lako ni moja. Nesi mwenye miaka mitano anaiweza hali hiyo. Aliyetoka utarajali juzi, mimi nisingependa akajifunzie hapo.

Hospitali ya rufaa yenye wanafunzi wa ubingwa ina kero zake. Kesi ya muda wa saa moja inachukua saa tatu kwa sababu anafundishwa mtu. Orodha inaahirishwa kwa kukosa damu au shuka tasa, na mgonjwa aliyefunga tangu usiku anakulaumu wewe. Lakini asubuhi unaskrabu ngiri, mchana tezi, wiki ijayo uko mifupa unajifunza seti ya vyuma vya paja. Kila chumba kina mkubwa wa kumuuliza.

Popote utakapoitwa, omba kuiona thieta kwanza. Usiangalie taa. Nenda nyuma kwenye otoklevu, mashine ya kutakasia vifaa, uulize ikiharibika wanafanyaje. Uliza ni nani anayetoa dawa ya usingizi usiku. Na uliza ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO ya 2008, yenye vituo vitatu, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani: inasomwa kwa sauti watu wakisikiliza, au inajazwa jioni na mtu mmoja kwa kalamu moja? Jibu lake litakueleza zaidi ya mshahara.

Buhigwe_Kwetu
Mzee nakuheshimu, lakini akina mama wa Kigoma nao wanahitaji nesi wa thieta. Kila mtu akisubiri apate mkono kwanza, nani ataenda?

Mzee_wa_Gozi
Swali lako ni la haki. Waende wawili wawili, mmoja mzoefu. Hilo ni la halmashauri kupanga. Binti huyu hawezi kulibeba peke yake.

Skrabu_Kijani
Mimi niko binafsi hapa Dar, niseme yetu. Vifaa vipo, hilo sidanganyi. Ukiomba uzi wa kushonea unapewa, diathemi (kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu) haikati tamaa katikati ya kesi. Ila madaktari bingwa wengi wanakuja jioni wakitoka kazi zao nyingine, kwa hiyo orodha inaanza wakati wenzako wanarudi nyumbani. Kila uzi, kila glavu, unaandika kwa ajili ya bima. Nilikowahi kufanya kazi, kisichoonekana kwenye fomu kiligeuka deni la nesi. Orodha ikiwa nyembamba unashushwa wodini au wagonjwa wa nje.

Soma mkataba mstari kwa mstari: zamu ya kuitwa usiku inalipwa au imo ndani ya mshahara? Na wakikupeleka kozi, utafungwa kwa muda gani? Laparoskopi isikutoe udenda, mgeni hagusi kamera mwezi wa kwanza.

Bi_Mrashi
Salamu kutoka Muscat. Mwanangu, kama una ndoto ya kuvuka huku siku moja, nakwambia kitu ambacho watu hukijua wameshachelewa. Hospitali nyingi za Ghuba zinataka uzoefu wa miaka miwili hivi baada ya leseni, na wanataka uzoefu wa idara ile unayoombea. Vyeti na barua vinahakikiwa kupitia DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, wanaandika hadi kwa mwajiri wako wa zamani. Barua ikisema tu "afisa muuguzi", umeshakuwa nesi wa wodi. Iandikwe thieta, tangu tarehe gani hadi gani, na mtu wa kuijibu awepo.

Nimeona wasichana wazuri, mikono yao dhahabu, wamekwama hapo hapo kwenye barua. Weka na daftari lako la kesi: tarehe, aina ya upasuaji, ulisimama wapi. Jina la mgonjwa usiandike, haya.

Mnyonge_wa_Bodi
Bi Mrashi amenikumbusha: misheni muulize kama mshahara wa mikataba unatoka kwenye mapato ya hospitali yenyewe, na mwaka jana ulichelewa mara ngapi. Ukiwa na wadogo wa kulipia ada hilo si swali dogo.

Binti_Leseni
Ahsanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea mama pia. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema hao watu wa intaneti hawatamlipia yeye matibabu. Ana hoja.

Nimewapigia misheni. Mkuu wa thieta amepokea mwenyewe: miezi mitatu ya kwanza siskrabu peke yangu, kuitwa usiku kuna posho na imeandikwa kwenye mkataba. Kuhusu mshahara kuchelewa alicheka kidogo, akasema "hutokea". Dar wamenijibu kwa barua pepe kwamba thieta haionyeshwi kabla ya kusaini. Nimeelemea misheni. Ninachoogopa ni nafasi ya serikali: nikiiacha sasa naweza kuomba tena?

Skrabu_Kijani
Kutoonyeshwa thieta nako ni jibu.

Buhigwe_Kwetu
Kuomba tena utaomba, matangazo yakitoka, ukashindane na wengine. Kibaya ni kuripoti, kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara, kisha kutoweka. Hapo unakuwa mtoro kazini, na kurudi serikalini kunakuwa na vibali na maelezo marefu.

Kwa hiyo kama huji, usikae kimya mpaka tarehe ya kuripoti ipite. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri wiki hii, mistari mitatu inatosha, nakala TAMISEMI. Kuna wenzako wana leseni kama yako na wanauza vocha.