Kulala kileleni Nelion: je, kibanda cha Howell ni cha kutegemewa?

MtuWaTeleki:
Wanajukwaa, salamu. Mimi na mwenzangu tumefika Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa miguu, mara tatu, na kwa miaka miwili tumekuwa tukipanda miamba kwa kamba Lukenya na Hell's Gate. Mwishoni mwa Januari tunakusudia kupanda Nelion, mita 5,188, kwa njia ya kawaida ya upande wa kusini-mashariki, kisha tuvuke hadi Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo. Tumepanga kulala Austrian Hut, kibanda cha wapandaji kilichoko chini ya Lenana, usiku mmoja, na usiku wa pili katika kile kibanda kilichoko juu kabisa ya Nelion. Waliowahi kulala humo watueleze: mna nafasi kiasi gani, maji hupatikana vipi, na je, inafaa kupanda mwamba huku tumebeba mifuko ya kulalia?

KambaMbili:
Ndugu, nililala humo usiku mmoja, na nakushauri usikifananishe na Austrian Hut. Kibanda cha Howell ni kisanduku cha mabati ambacho huingii ila kwa kutambaa, na ukishaingia huwezi kusimama. Watu wawili hulala vizuri. Wakizidi, mmoja akitaka kugeuka lazima wote wageuke. Ian Howell alikijenga mwaka 1970, vifaa vikiwa vimedondoshwa kwa ndege juu ya barafuto (mto wa barafu) ya Lewis, naye akavipandisha mwenyewe kipande kwa kipande, akiupanda mwamba ule mara 13 peke yake. Kila nikikumbuka jinsi mkoba wangu mmoja ulivyonitesa, hesabu hiyo hunishinda.

Maji hakuna. Huyeyusha theluji, na Januari ikiwa kavu theluji yenyewe huwa kidogo na chafu, kwa hiyo pandeni na maji ya kutosha pamoja na jiko dogo la gesi. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 83 hivi. Chakula cha kupika kwa muda mrefu kiacheni nyumbani.

Mzee wa Naro Moru:
Nakubaliana na ndugu KambaMbili kuhusu kibanda, lakini swali la mzigo halijajibiwa. Kama lengo lingekuwa Nelion peke yake, ningesema pandeni mkiwa wepesi, muanze alfajiri na mshuke kwa kamba siku hiyo hiyo. Kwa kuwa mnataka Batian, kulala juu kuna maana, kwa sababu kuteremka hadi Gate of the Mists, lile pengo kati ya vilele hivyo viwili, kupanda upande wa pili na kurudi huchukua saa kadhaa, na mawingu mara nyingi hufunika vilele kuanzia adhuhuri. Pale katikati huwa pana barafu ngumu, kwa hiyo msisahau shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Msimu mmeuchagua vizuri. Julai na Agosti jua huwa kaskazini, na upande huo wenu hushikwa na theluji.

Kinachonitia wasiwasi ni ule usiku mmoja wa Austrian Hut. Mtu aliyetoka Nairobi juzi, akalala mita 4,790 na kesho yake akalala zaidi ya mita 5,000, anauomba mwili jambo kubwa, kwani hewa ya kule ni karibu nusu ya ile ya pwani. Ukiugua ukiwa Lenana, unashikwa mkono na kuteremshwa kwa miguu hata usiku wa manane. Ukiugua ndani ya kile kisanduku, chini yako pana ukuta wa kushuka kwa kamba hatua karibu 20, na gizani hakuna mwenye akili timamu atakayeuanza. Laleni kwanza usiku mbili Mackinder's Camp, mita 4,200, kisha usiku mbili Austrian Hut, mkipanda Lenana katikati. Atakayeamka na kichwa kinachouma asifunge kamba siku hiyo.

MtuWaTeleki:
Nawashukuru sana, wazee wangu. Tumeongeza siku tatu, na mwenzangu amekubali kwamba tukifika kileleni baada ya saa tisa alasiri tutasahau Batian. Je, mlango wa kibanda hufungwa kwa kufuli?

KambaMbili:
Nilipofika haukuwa na kufuli, ila ufungeni vizuri mkiondoka, la sivyo theluji itawatangulia kulala wenzenu wanaokuja. Taka zote mshuke nazo.