Alama 6 kati ya 20, na hakuna aliyemwonyesha mtoto kosa lake!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu, shule ya kata. Jana kaniletea daftari la Kiingereza: insha ya nusu ukurasa, 6 kati ya 20. Kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Aliandika "My mother he wake up early". Mwalimu kazungushia "he", pembeni kaandika "Nonsense!" Basi, imeisha hiyo.

Jamani, hapo mtoto kaandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Kwetu mama anaamka, baba anaamka, hata mbwa anaamka. Atajuaje kwamba wenzetu wanatenga wa kike na wa kiume asipoambiwa? Ni dakika tano tu ubaoni. Na hizo "a" na "the" anazokatwa alama kila siku, nani alishamweleza kazi yake? Kwetu hazipo!

Na msiniambie kichwa chake kizito. Nimemuuliza chanzo cha Vita vya Maji Maji, kanimwagia yote: kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi, viboko vya maakida, Kinjikitile na maji yake. Kwenye mtihani wa Historia, swali hilohilo kaambulia mistari minne, maana insha inatakiwa kwa Kiingereza. Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kapewa wiki chache za kozi ya lugha, kisha kaachwa ajitafutie. Sera ya elimu ya 2014 iliandika Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Kama hamkitaki, sawa, ila hicho Kiingereza basi kifundisheni!

Najua kuna atakayesema mwalimu ana watoto 80 kwenye mkondo mmoja. Ni kweli, hata mimi insha 80 zingenishinda. Kinachonichefua ni dawa waliyoibuni: mwalimu anaandika insha nzima ubaoni, watoto wananakili, wanakariri, siku ya mtihani wanaitapika. Swali likigeuzwa kidogo tu, kwisha habari.

Usiku nimemkuta anakariri safari yake ya Ngorongoro. Huyu mtoto hajawahi kuvuka Chalinze! Nikaazima daftari la mtoto wa jirani anayesoma naye. Safari hiyohiyo, na basi limepata pancha palepale.