GC au HPLC kwa kolesteroli ya kamba na ngisi?

BintiTudor: Assalam aleikum. Maabara yetu yataka mashine moja ya kupimia kolesteroli. Tumeona GC (ya kutenganisha kwa gesi) ya mtumba na HPLC (ya kutenganisha kwa kimiminika) ya mtumba, bei hazipishani sana. Tuchukue ipi? Bosi ataka jibu Ijumaa.

FundiLikoni: Waleikum salaam. Sampuli za nini? Damu? Mafuta? Umeme ukikatika mna jenereta? Hujatwambia kitu, dada.

BintiTudor: Kamba na ngisi, mara mojamoja mafuta ya kupikia. Jenereta ipo.

FundiLikoni: Mafuta ya mimea yakiingia, GC. Sitosteroli na kampesteroli, ndugu zake kolesteroli kwenye mimea, zapishana nayo kidogo tu, mkiani mwa molekuli, lakini kwenye GC hutoka kwa zamu: kolesteroli kwanza, kampesteroli, kisha sitosteroli.

Mkemia_Nyali: Na kazi ya kuitia kolesteroli BSTFA, dawa ya kuifanya igeuke mvuke kwa urahisi, kabla ya kuidunga kwenye GC mbona waificha? HPLC ni kolamu ya C18 (bomba la kutenganishia lenye kijazo cha kawaida) na methanoli, basi.

FundiLikoni: Basi wapi! Kolesteroli haionekani vizuri kwa jicho la HPLC, yaani UV (mwanga wa urujuanimno), ila kwenye wimbi la nm 205 hivi, na hapo methanoli yenyewe yameza mwanga. Na kuchemsha sampuli na KOH (alkali kali) hukwepi, maana kolesteroli nyingine imefungwa kwenye esta, yaani imeshikana na asidi ya mafuta, mpaka uifungue.

Kisauni_Lab: BSTFA msiitaje mbele yangu. Kuna muuzaji alituletea chupa, kizibo cha mpira kimeshatobolewa. Ilikuwa masika, hewa yenyewe maji matupu, na dawa ile na unyevu haziivi chungu kimoja. Kila sampuli yatoa vilele viwili kwenye chati: kolesteroli iliyoshika dawa na iliyobaki uchi. Tukabadilisha kolamu, tukasafisha injekta, wapi! Kuja kufungua chupa mpya, kilele kimoja safi. Kumpigia yule bwana, ati tumetoboa wenyewe. Pesa hatukuziona tena.

Babu_Silika: Mwapoteza pesa vijana. Bamba la TLC (la silika, kimiminika chapanda na kutenganisha madoa), heksani, etha na asidi ya asetiki 80:20:1, esta zapanda juu, kolesteroli yabaki chini.

Mkemia_Nyali: Shikamoo babu. Lakini hapo kolesteroli na sitosteroli ni doa moja. Na etha yachemka kwenye 35°C, kwa joto letu la adhuhuri 80:20 yako itabaki kweli?

Babu_Silika: Marahaba. Fanya asubuhi! Bamba likaushe kwenye oveni 110°C kwanza.

Mla_Kamba: Samahani wataalamu, kwani kamba wa nazi niache?

Kisauni_Lab: Punguza tui kwanza, ndugu.

Mla_Kamba: Tui la nazi lina kolesteroli?

Kisauni_Lab: Karibu na hakuna. Lina mafuta mazito, hayo ndiyo huipandisha ya kwenye damu.

FundiLikoni: Turudi kwenye mashine. BintiTudor, hiyo GC ina FID, kigunduzi cha mwali? Na gesi ya kubebea sampuli mtatumia heliamu au haidrojeni?

BintiTudor: Muuzaji nimemwuliza, asema "ina kila kitu".

FundiLikoni: Mwambie atume picha.