Naogopa kuwasha meko ya sebuleni, naombeni ushauri

Mgeni_wa_Moto: Wakuu, habari za usiku. Naomba msinicheke. Nimehamia nyumba yenye meko ya ukutani, yale ya kuni, moshi unapanda kwenye dohani. Baridi imeanza kung'ata. Kuni ninazo, kiberiti ninacho, lakini nikichuchumaa pale mikono inatetemeka, narudi kwenye blanketi. Jiko la gesi nawasha bila wasiwasi. Woga huu unaondokaje? Jumamosi nina wageni na nimeshawaahidi tutaota moto.

Nyundo77: Mtu mzima anaogopa njiti! Waambie wageni waje na mablanketi yao.

Bi_Jivu: Mwacheni. Moto wa kuogopa ni ule uliolala. Mimi nilizoa majivu ya juzi yake, nikayatia kwenye ndoo ya plastiki, nikaiacha barazani. Alfajiri naamshwa na harufu: ndoo imeyeyuka, sakafu ya mbao ina tundu la kupitisha kichwa. Siku hizi majivu yangu yanakaa kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Sijui kama nimekujibu, mwanangu, ila lilikuwa linanikereketa.

Msomaji_Mkavu: Mambo haya ni ya zamani. Benjamin Thompson, mwanasayansi aliyejulikana kama Count Rumford, aliandika kuyahusu mwaka 1796. Alibana koo la dohani na kupunguza kina cha meko, moshi ukapanda vizuri na joto likarudi chumbani. Pima koo la dohani yako kwanza.

Nyundo77: Jamaa anatetemeka, wewe unampa futikamba.

Fundi_Masizi: Mkuu, dohani ilisafishwa lini? Kuni zako zina nyufa kwenye ncha? Ukizigonganisha zinalia kikavu? Unyevu ukizidi asilimia 20 zinafuka tu, masizi yanaganda humo ndani kama lami, na siku moja yanashika moto huko huko juu. Halafu, kilango cha dohani kinafunguka chote?

Mgeni_wa_Moto: Kuni ni kavu, zimekatwa zaidi ya mwaka. Kilango kinafunguka nusu.

Fundi_Masizi: Kinakwama kwenye nini?

Mgeni_wa_Moto: Kwani nusu haitoshi? Moshi si unapenya popote?

Fundi_Masizi: Nimeuliza kinakwama kwenye nini.

Mgeni_wa_Moto: Gunia. Limejaa nguo kuukuu, limesokomezwa juu ya kilango. Nililiweka mwenyewe, ndege walikuwa wanapiga kelele mle. Lakini nimefikiria, si litaungua lenyewe? Nikianza na moto mdogo litaliwa taratibu, njia itafunguka. Kuni nimeshazipanga kabisa.

Bi_Jivu: Uuuwi!

Fundi_Masizi: Usithubutu. Dohani ikiziba, moshi wote unarudi sebuleni, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Wageni wako watadhani ni usingizi tu.

Mchokonozi: Subirini kwanza. Huyu kasema AMEHAMIA. Sasa gunia kaweka mwenyewe, na kuni zina zaidi ya mwaka? Mgeni gani huyo? Wakuu, hii ni chai.

Nyundo77: Na mimi nilishahisi. Chai ya maziwa kabisa.

Msomaji_Mkavu: Hata hivyo hoja ya koo la dohani inabaki palepale.

Mchokonozi: Mleta uzi kaingia mitini. Modi, funga huu uzi.

Mgeni_wa_Moto: Nipo. Nyumba ni ya marehemu baba, nimerudi mwezi uliopita. Gunia niliweka alipokuwa anaumwa, ndege walimnyima usingizi. Kuni alikata mwenyewe kabla hajalala kitandani. Mle ndani hakuna mwingine aliyewahi kuwasha moto, alikuwa hataki mtu aguse. Sikuona kama hilo linahusiana na swali langu.

Nyundo77: Pole, kaka.

Mchokonozi: Ungesema mapema. Pole.

Fundi_Masizi: Pole sana. Sasa sikia. Usiwashe kitu leo. Vaa glavu, funika pua, livute gunia kwa chini. Ukimaliza, mulika tochi juu mpaka uione anga. Jumamosi bado mbali, tafuta msafishaji apitishe brashi kwanza. Siku ya kuwasha, sokota gazeti, liwashe, lishike pale kwenye kilango kwa dakika moja hivi. Hewa baridi iliyojaa dohani ni nzito, ndiyo inayosukuma moshi chumbani. Ukiona moshi wa gazeti unapanda, washa kuni. Na ufunge king'ora cha hiyo kaboni monoksaidi, usibishane na mimi.

Mgeni_wa_Moto: Je, msafishaji akikosekana kabla ya Jumamosi?

Fundi_Masizi: Wageni waje na mablanketi yao.

Nyundo77: Nilisema mimi!

Mgeni_wa_Moto: Limeshuka. Limekuja na kiota kizima, vijiti, manyoya, masizi mpaka kwenye nywele. Zile nguo ni mashati yake, nilikuwa nimesahau. Nimemulika juu, nimeona nyota moja. Nimekaa hapa sakafuni nayakung'uta.

Bi_Jivu: Yakung'ute taratibu, mwanangu. Ndoo ya bati unayo?