Serikali iwakataze watoa huduma za intaneti kubagua mitandao, au soko liachwe? Tulinganishe

Kijana wa Aggrey (mwanzisha mada)

Wakuu, za jioni. Nauza simu na vocha mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Juzi kaja mama mmoja wa Mbagala, kanuna, eti nimemuuzia simu mbovu. Kundi la wazazi limerusha kiungo cha matokeo ya kidato cha nne. Akikigusa kinazunguka weee, kisha ukurasa mweupe. Nikaangalia: ana bando la WhatsApp la wiki, bado limejaa. Salio sifuri, data ya kawaida hana. Yaani kiungo anakiona, anaweza hata kumrushia mwenzake, ila kukifungua hawezi. Nikamwashia hotspoti yangu, tukatafuta namba ya mtihani. Binti kapata daraja la pili, mama akacheka, akasahau ugomvi.

Jina la kampuni silitaji, wala si hoja. Hoja ni hii: mtoa huduma ana haki ya kuamua mtandao upi upite bure, upi ulipiwe, upi ubanwe spidi? Nimesoma kidogo, naona wenzetu wamepita njia tatu.

Kuna waliotunga sheria ngumu. Chile walitangulia 2010, Uholanzi wakapitisha ya kwao 2012. India ndiyo iliyonivutia: Februari 2016 mdhibiti wao, TRAI, alipiga marufuku kuuza data kwa bei tofauti kulingana na unachofungua, na Facebook wakaifunga kule Free Basics, huduma yao ya kufungua tovuti chache bila kulipia data. Huduma hiyo hiyo sisi ilitufikia 2014 kupitia Tigo, ikiitwa bado Internet.org. Sikumbuki kunung'unika, mimi mwenyewe niliitumia.

Kuna Marekani, wao wanapepesuka tu. FCC yao iliweka kanuni 2015, ikazifuta Desemba 2017, ikazirudisha Aprili 2024, mahakama ya rufaa ikazitupa Januari 2025. (FCC hiyo ni ya mawasiliano, msije mkaichanganya na FCC yetu, Tume ya Ushindani.)

Halafu Umoja wa Ulaya, katikati. Sheria yao ya 2015 inakataza kuzuia na kubana, lakini vifurushi vya kufungulia mtandao fulani bure viliendelea kuangaliwa kimoja kimoja, mpaka mahakama yao ilipovikataa 2021.

Mimi naelemea India. Nipingeni.

Mama Keki Tabata

Kaka, wewe una hotspoti. Mimi oda zote za keki zinakuja WhatsApp na Instagram, na bando langu ni hilo hilo la mitandao ya kijamii unalotaka lifutwe. Siku mauzo yakiwa mabaya ndilo pekee ninaloweza kulinunua. Hiyo India yako ikifika Tabata, picha ya keki ya harusi nitampelekea mteja na bodaboda aione? Anzeni kwanza kushusha bei ya data ya kawaida, halafu ndiyo mje kuninyang'anya.

Bandolangu

Porojo. Nalala nina GB mbili, naamka sina kitu. Hilo ndilo TCRA, mdhibiti wetu wa mawasiliano, waanze nalo.

Kijana wa Aggrey

@Bandolangu zima programu kujisasisha usiku, mkuu, kisha urudi hapa. Halafu bei si mada, ila unakumbuka Aprili 2021? Vifurushi vipya vilitoka, watu wakapiga kelele, vikasitishwa. Kwa hiyo mkono wa serikali ukitaka unafika.

Fundi Kebo

Kabla hamjaita ubaguzi, pimeni. Si kila kinachokimbia kimependelewa. Google na Facebook huweka seva za akiba, zenye nakala za vinavyoangaliwa sana, ndani ya mitambo ya watoa huduma, kwa hiyo video unayoangalia pengine haijavuka bahari. Tovuti ya kijana wa Ubungo iko kwenye seva Frankfurt, inakuja kwa nyaya za chini ya bahari. SEACOM na EASSy zilipokatika Mei 2024 mliona wenyewe kilichobaki hewani. Hapo hakuna aliyembana mtu, ni umbali. Dawa yake ni kuweka seva nyumbani na watoa huduma kubadilishana trafiki hapa hapa Dar, pale TIX. Sheria haifupishi waya.

Ukitaka kumkamata anayebana kweli, pima kwa fast.com, ambayo inatumia seva za Netflix, halafu pima kwa tovuti nyingine ya spidi. Rudia saa nne asubuhi na saa tatu usiku, siku kadhaa. Tofauti ikijirudia upande mmoja, anza kushuku. Wengine hupima VPN (programu inayomficha mtoa huduma unachofungua) ikiwa imewashwa, kisha imezimwa. Lakini VPN TCRA walitutaka tuzitolee taarifa Oktoba 2023, kwa hiyo mimi sijasema kitu.

Mwalimu wa Kijitonyama

Fundi, umbali sawa, ila langu halikuwa la umbali. Nilitengeneza programu ya masomo ya hisabati kwa kidato cha pili. Nyepesi, seva ilikuwa hapa hapa mjini. Wanafunzi wakaipenda wiki ya kwanza, kisha kimya. Nikamuuliza mmoja, akanijibu bila kupepesa: "Madam, yako inakula bando, WhatsApp haili." Basi. Sasa hivi nafundisha kwenye kundi la WhatsApp, sauti na picha za ubao, mazoezi nasahihisha kwa jicho. Programu ipo, haina mtu.

Dada Keki, nakuelewa kabisa. Ila ujue lile bando la bei chee analilipia mtu. Mimi ni mmoja wao.

Wakili wa Posta

Mnasema "serikali" kama vile imekaa jukwaani. TTCL ni yake yote, na Airtel Tanzania ina asilimia 49. Refa huyo ana jezi ndani ya shati. Na Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi, Twitter na WhatsApp zilipokwama, tatizo halikuwa aina ya bando. Kanuni ya kutobagua ikiandikwa, imfunge na anayeiandika, la sivyo tumempa rungu la pili.

Ila soko nalo silipi imani yangu yote. Tazameni mifano miwili ya kwetu. Kutumiana pesa kati ya mtandao mmoja wa simu na mwingine, kampuni zilianza kukubaliana zenyewe 2014, kwa sababu kila moja ilipata miamala zaidi. Kuhama mtandao na namba yako kulikuja 2017 kwa kanuni, maana hakuna mwenye duka anayemfungulia mteja mlango wa kutokea. Jiulizeni hili la kubagua mitandao linafanana na lipi. Mimi nasema la pili.

Mama Keki Tabata

Madam, kwa programu yako umenigusa. Kwani haiwezekani bando likawa la "kuchati" lote, si la kampuni moja? Na la "masomo" lote, yako iwemo?

Kijana wa Aggrey

Hapo dada umenitoa India. Nabadili kura: kubana na kuzuia vikatazwe kabisa, na serikali iwemo ndani ya katazo kama alivyosema Wakili. Bando za bei chee zibaki kwa aina ya huduma, si kwa jina la kampuni, na yeyote anayetimiza sharti aingie bila kulipa. Nani ataamua programu ipi ni ya "masomo", hapo sina jibu, na naiona rushwa inakuja kwa miguu yake. Na kwenye menyu ya kununulia iandikwe waziwazi kisichofunguka, kabla mtu hajabonyeza moja kukubali.

Kwa sasa nimechukua boksi la simu, nikaandika kwa maka peni: BANDO LA WHATSAPP HALIFUNGUI MATOKEO. Nimelining'iniza mlangoni. Jana watu wawili wamelisoma. Mmoja kauliza bei ya data ya kawaida, akaguna, akanunua la WhatsApp.